Helmeti ya Baba Ukingoni mwa Chalbi

Ukingoni mwa Jangwa la Chalbi,
Marsabit.

Kwako Magokoro, nyanya yangu,

Naanza kwa salamu, maana nakumbuka ulivyokuwa ukiturudishia darasani barua zisizo na salamu pamoja na madaftari yetu, ukisema hujui zimeandikwa na nani. Je, magoti yanakuruhusu kushuka hadi mgombani bila kushika ukuta? Kile kikohozi cha msimu wa mvua kimekuacha, au bado mnagombana nacho kila alfajiri? Kerubo aliniambia kwamba majani ya chai ya chini ya njia yamechipua vizuri na kwamba unayachuma mwenyewe, hali umekatazwa. Sikugombezi. Ningekuwa na haki gani ya kumgombeza mtu mzima anayefanya apendalo, mimi niliyeshindwa kumzuia mwanao?

Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma.

Sikupiga simu kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua: masikio yako na simu havipatani tena, na Kerubo hulazimika kuyarudia maneno yangu kwa sauti inayofika kwa majirani ng'ambo ya bonde. Ya pili ndiyo kubwa. Ninayotaka kukueleza hayawezi kupita kinywani mwa binamu yangu wala mwa Baba Mdogo, kwa kuwa yanahusu mwili wa Baba. Kati ya baba na mwana kuna chinsoni, ile haya ya heshima inayomkataza kijana aliyetahiriwa hata kukalia kitanda cha mzazi wake. Kati ya nyanya na mjukuu haipo. Wewe huniita mume wako mvivu mbele ya kanisa zima, nami hukuita mke wangu asiye na meno, na hakuna anayeshtuka. Katika ukoo wote ni wewe tu ninayeweza kukuambia. Vaa miwani, mtume Kerubo akachote maji, usome peke yako.

Nilimwambia Kerubo kwamba Baba ameanguka kidogo kwenye pikipiki. Hakuanguka kidogo. Alivunjika mfupa wa paja karibu na nyonga, na sasa analala kwenye chumba chake alichopanga, ng'ambo ya ua kutoka kwangu, akiutazama ukuta.

Najua swali litakalokujia kwanza, kwa sababu ndilo uliloniuliza siku uliposikia kwamba amenunua pikipiki huku: mzee aliyestaafu anatafuta nini jangwani juu ya pikipiki? Nilikujibu wakati ule kwa maneno mengi, nawe ukaniambia kwamba shahada yangu imeniongezea ulimi tu. Niruhusu nikujibu upya, kwa utulivu.

Unakumbuka alivyokuwa. Miaka yake yote ya kazi ya bwana shamba alipanda na kushuka milima ile ya kwetu Manga kwa pikipiki ya serikali, Gesima leo, Kebirigo kesho, akiwafundisha watu kukata migomba yenye ugonjwa na kupogoa chai. Watu walimjua kwa mlio wa injini kabla hawajamwona. Alipostaafu aliirudisha pikipiki ofisini, akatembea kwa miguu hadi nyumbani, na mwaka uliofuata Mama akafariki. Wewe ndiye uliyeniambia kwamba amekuwa mtu wa kukaa mlangoni akisikiliza bodaboda za watu wengine zikipanda kilima. Alipokuja kunitembelea huku, baada ya mimi kuajiriwa kufundisha, nilidhani atakaa siku chache kisha atachoka na joto. Siku ya pili alimwona Guyo.

Guyo ni Mgabra, rika la Baba, dereva wa malori mstaafu. Ana ngamia, wajukuu wengi, na pikipiki ndefu yenye tairi za meno ambayo huiendesha kwenye chumvi ya Chalbi bila sababu yoyote. Nasema bila sababu kwa makusudi. Haendi sokoni, habebi abiria, hapeleki mzigo. Huenda, huzunguka, hurudi amejaa vumbi jeupe hadi kwenye kope, kisha huagiza chai. Kulikuwa na wazee wengine wawili watatu waliokuja kutoka Nairobi kila kiangazi kwa shughuli hiyo hiyo. Baba aliwatazama kama mtoto anavyotazama mpira unaochezwa na wenzake. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amenunua pikipiki kuukuu kutoka kwa mpima ardhi aliyekuwa akihama.

Nilibishana naye. Unanijua. Nilimwambia kwamba mifupa ya umri wake haisamehe. Nilimwambia kwamba starehe isiyo na faida ni anasa ya watu waliochoka na mali. Nilitoa mifano ya wanafikra na ya historia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakaza plagi kwa spana, akasema:

"Momanyi, umemaliza?"

"Bado, Baba."

"Basi malizia njiani. Panda nyuma."

Nilipanda, Magokoro, na hapo ndipo hoja zangu zilipoanza kulegea. Chalbi ni uwanda mweupe, mkavu, uliopasukapasuka kama chungu kilichosahauliwa motoni, na hauna kitu chochote mbele yako isipokuwa hewa inayocheza. Huko kwetu kila unakotazama unaona shamba la mtu, ua wa mtu, moshi wa jiko la mtu. Baba alisimama juu ya vikanyagio, magoti yamekunjwa kidogo, akavuta mafuta. Mzee yule ambaye Manga alikuwa akiinuka kitini kwa kusukuma mikono alisimama wima kwa mwendo mrefu, na nilimsikia akipiga mluzi ndani ya helmeti. Tuliposimama alinionyesha uwanda ule kwa mkono.

"Miaka yote nimepanda milima nikitazama jiwe lililo mbele ya gurudumu," alisema. "Hapa ukitazama gurudumu unaanguka. Lazima utazame mbali."

Guyo ndiye aliyemfundisha. Wawili hao walitaniana kama vijana. "Bwana Shamba," Guyo alikuwa akimwita, "hapa hakuna mgomba wa kukuzuia ukianguka." Naye Baba: "Na huku kwenu hakuna kilima cha kumjulia mwanamume." Somo gumu kwake lilikuwa moja. Kwenye tope la kwetu, mtu akihisi gurudumu la mbele linateleza hupunguza mwendo na kushusha miguu. Ndivyo alivyookoka mara nyingi kwenye mteremko wa Manga. Kwenye mchanga ni kinyume: gurudumu likiyumba unaongeza mafuta na kuiacha miguu ilipo, kwa kuwa ukipunguza tu, gurudumu linazama. Guyo alimpigia kelele juu ya jambo hilo mpaka sauti ikakauka. "Mguu juu, Bwana Shamba. Huo mguu si wako, ni wa pikipiki." Baba alijifunza. Lakini kichwa hujifunza upesi kuliko mguu.

Siku ya ajali Guyo alikuwa harusini, nami nilikuwa nimeazima pikipiki yake ili Baba asiende peke yake. Tuliivuka chumvi vizuri, tukafika kwenye laga, yaani mto mkavu wenye mchanga mwingi. Nilikuwa nyuma yake. Niliona gurudumu lake la mbele likiyumba mara moja, kisha nikaona mguu wake wa kulia ukishuka. Gurudumu lilizama, pikipiki ikageuka, mguu ukabaki chini yake.

Nilipoiinua pikipiki, suruali yake ilikuwa imechanika juu ya paja na damu ilikuwa ikiloweka mchanga kwa kasi iliyonitisha. Alikuwa na fahamu zake zote. Nikatoa kisu ili niikate suruali, nilione jeraha na kulifunga. Akaushika mkono wangu, na mshiko wake haukuwa wa mgonjwa.

"Usinishike hapo."

"Baba, unavuja damu."

"Nenda ukamwite Guyo."

"Guyo yuko mbali. Kwenda na kurudi ni mpaka jioni. Utakufa."

"Nitamsubiri Guyo. Guyo ni rika langu."

Magokoro, hebu mfikirie mjukuu wako pale, amepiga magoti juani, kisu mkononi, anafanya mjadala. Ndiyo, nilijadiliana naye. Sikujua njia nyingine ya kumpenda. Nilimwambia kwamba chinsoni ni sheria iliyowekwa na watu waliokaa pamoja, waliokuwa na ndugu na majirani wa kuitwa, na kwamba mahali pasipo na mtu sheria hiyo haina pa kusimama.

"Baba," nilisema, "waliotunga mambo haya walikuwa na jirani."

"Ndiyo maana nataka jirani," akanijibu.

Alinishinda kwa hoja, mtu aliyekuwa akifa. Kwa hiyo nikaacha hoja. Niliuondoa mkono wake kwa nguvu, kidole kimoja baada ya kingine, nikaanza kukata kitambaa. Alipoona kwamba sitaacha, hakupigana tena. Alisema kwa sauti ndogo, "Nipe helmeti yangu."

Nilidhani anaweweseka. Nikampa. Akaivaa, kichwa chake kikiwa juu ya mchanga, akateremsha kile kioo cheusi cha mbele, akakunja mikono kifuani. Hapo nilielewa. Alikuwa ameondoka. Aliniachia mwili nifanye nitakalo, naye mwenyewe akaingia ndani ya helmeti na kufunga mlango, ili pale mchangani asiwepo baba anayeonwa na mwanawe. Nilimvua, nikaona nilichokatazwa kukiona, nikalifunga jeraha kwa shati langu. Kutoka ndani ya kioo kile sikusikia hata mguno.

Wachungaji wa ngamia walituona, wakatusaidia kupata gari. Hospitalini walimtengeneza mfupa vizuri. Daktari alisema lile shati ndilo lililomwokoa. Nilitegemea neno hilo lituondolee uzito. Baba aligeuzia uso dirishani. Tangu hapo alipotaka maji alimwambia muuguzi, "Mwambie huyo kijana alete maji," nami nimesimama karibu naye kuliko muuguzi.

Alipopewa ruhusa ya kutoka nilimwomba turudi Manga taratibu, kwa gari la kukodi, daktari akikubali safari. Alikataa. "Sitapanda Manga nimebebwa," alisema, akiuambia ukuta. Wewe unaujua mlima ule na watu wanaokaa kando ya zile njia. Nami naujua mlio waliokuwa wakimtambulia.

Kwa majuma ya mwanzo Guyo alimwogesha. Alikuja kila asubuhi, akanifukuza uani kama kuku, na nilisikia wakicheka mle ndani. "Bwana Shamba, paja hili ngamia wangu angelionea huruma." Baba alikula siku hizo. Lakini kiangazi kimekaza, malisho ya karibu yamekwisha, na Guyo alilazimika kuondoka na ngamia zake kuelekea mpakani. Hakuna anayejua atarudi lini. Nilitafuta kijana wa kumsaidia. Baba alimfukuza kwa fimbo. Nilibaki mimi.

Asubuhi ya kwanza niliingia na beseni la maji ya moto, nikasimama. Hakunitazama. Alinyoosha mkono kuelekea kwenye msumari ukutani. Nikampa helmeti. Akaivaa, akateremsha kioo, nikamwogesha.

Ucheke ukitaka. Mimi nilitaka kucheka siku ile: mzee uchi wa mnyama, mbavu zinahesabika, kichwani ana helmeti ya mpanda pikipiki. Lakini ndani ya helmeti hiyo alianza kusema nami. Nje yake alikuwa bubu. Akiivaa, sauti ilitoka mle ndani nzito, kama ya mtu aliye chumba cha pili. Alinisimulia alivyokwama usiku kwenye tope la Gesima na wanawake wa kanisa wakamsukuma huku wakiimba. Alinisimulia alivyomwona Mama mara ya kwanza kwenye soko la Kebirigo, akazima injini ili asimkere, kisha ikakataa kuwaka mbele yake. Mambo ambayo baba hamwambii mwanawe, nimeyasikia yote nikiwa na sabuni mkononi. Mara moja aliniuliza, "Unafundisha nini watoto hao?" Katika maisha yangu yote hajawahi kuniuliza hivyo. Nikamjibu, akasema, "Vizuri." Nikimaliza kumvika nguo aliivua helmeti, akaurudia ukuta, na mimi nikawa tena huyo kijana.

Sasa ndipo ninapofikia kilichonifanya niandike.

Ilianza Jumapili iliyopita. Niliingia na beseni, nikasubiri mkono unyooshwe kuelekea msumarini. Haukunyooshwa. Nilimwuliza, "Baba, nikupe helmeti?" Akatikisa kichwa, akaniacha nifunue shuka. Alinitazama usoni wakati wote nikimwosha, macho wazi, na hayakuwa na neno.

Nitakuambia ukweli: kwa dakika chache nilifurahi. Nilijiambia kwamba hatimaye ameshinda hofu ya zamani, kwamba akili imeishinda mila, kwamba yale niliyoyasema tangu chuoni yamethibitishwa na baba yangu mwenyewe. Kisha nikauinua mkono wake kumwosha kwapa, nao ukabaki hewani pale nilipouacha mpaka nilipourudisha mimi. Siku iliyofuata ikawa vilevile. Amekataa uji. Hasemi na mtu wala na ukuta. Daktari alikuja, akamgusa kila mahali, akaniita nje. "Mfupa unaunga," aliniambia. "Mtu ndiye anayelegea."

Magokoro, miaka yote nimeipinga chinsoni. Niliipinga mbele yako, mbele ya katekista, mbele ya Baba mwenyewe siku alipokataa kulala katika nyumba yangu na kupanga chumba chake ng'ambo ya ua. Nilisema ni ukuta. Bado naamini ni ukuta. Lakini sikuwahi kujiuliza ni nani anayeuegemea. Alipokuwa akidai helmeti, alikuwa bado ni baba mwenye kitu cha kuficha, na mwenye kitu cha kuficha ana kesho. Sasa hafichi chochote. Ameniachia ushindi katika ubishi wangu, nami natamani anishinde.

Usiniambie kwamba niombe, naomba. Usiniambie pia kwamba pikipiki ndiyo iliyomuua, kwa sababu hajafa, na kwa sababu nilimsikia akipiga mluzi.

Ninachokuomba ni hiki. Kule Kebirigo yupo Mzee Nyakundi, aliyeingia jandoni pamoja na Baba. Waliogeshwa na maji yale yale ya baridi asubuhi ile, na hakuna cha mwenzake ambacho hajakiona. Nisingeweza kumwita mimi. Mtoto hamwiti rika la baba yake aje kumwogesha baba yake, hata mimi najua hivyo. Wewe unaweza. Mwite akae kwenye kile kiti cha mlangoni, umweleze kwa Ekegusii, maana Kiswahili changu hiki ni cha vitabu na jambo lenyewe ni la nyumbani. Mwambie asije na maneno ya kumfariji. Aje amtukane, amwambie kwamba amezeeka vibaya, amnyang'anye sabuni mjukuu wako na kumfukuza uani. Nitampokea Marsabit mjini mwenyewe. Mhimize, Magokoro. Sijui tuna muda kiasi gani.

Nawe ukiweza, mwandikie mwanao maneno machache. Usimwambie kwamba unajua. Mwulize tu habari za pikipiki.

Nisalimie Baba Mdogo, na umwambie pikipiki imeinuliwa na imefunikwa turubai, asiulize mengine. Nisalimie Kerubo, binamu yangu, anayekusomea simu na kukupikia; akikuuliza ninalia kwa nini katika barua, mwambie ni vumbi. Nisalimie katekista, mpinzani wangu wa zamani, umwambie kwamba safari hii sina jibu la kumpa, na asifurahi sana. Nisalimie pia jirani wa juu anayekukamulia ng'ombe. Barua hii inaletwa na mwalimu mwenzangu anayekwenda kwao Keroka. Mpe chai, na jibu lako umkabidhi yeye.

Jioni hii nimeishusha helmeti msumarini. Nimeifuta vumbi la Chalbi ndani na nje, nimekisafisha kile kioo cheusi, nimeiweka juu ya kitanda, pale mkono wake unapofika bila kunyooshwa sana. Mimi nimekaa nje mlangoni na mgongo wangu nimempa, ili akitaka kuivaa asione kwamba namwona.

Ni mimi, mume wako mvivu,
Momanyi wa Makori.